Msikate Utepe Kabla Hatujamaliza Kupima

Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa benki na kampuni za fedha za simu, wakuu wa taasisi za umma, wakuu wa idara za TEHAMA, na wenye kampuni zinazotengeneza programu

Waheshimiwa,

Ninawaandikia hadharani kwa sababu yote nitakayoyasema nimekwisha kuyasema faraghani: vikaoni, kwenye ripoti, kwenye barua pepe ambazo hazikujibiwa.

Mimi ni mpimaji wa programu. Kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kukaa mbele ya mfumo ambao mwenzangu ameujenga kwa jasho, na kutafuta mahali utakapomwangusha mtu. Hitilafu ninayoikuta mezani kwangu haimuumizi yeyote. Ile inayonipita, au inayopitishwa huku nimeinyooshea kidole, humwendea karani, muuguzi wa zamu, mwenye duka, wakala.

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye timu iliyopima programu ya mawakala wa kampuni moja ya fedha. Mpango ulitupa wiki sita za majaribio. Ujenzi ukachelewa, lakini tarehe ya uzinduzi haikusogea, maana ukumbi ulikuwa umelipiwa na mgeni rasmi amethibitisha kufika. Wiki sita zikawa siku nne. Siku ya tatu nikakuta jambo: mtandao ukikatika katikati ya muamala, simu ya wakala inaganda, wakala anabonyeza tena, na mfumo unapokea ombi lile lile kama miamala miwili. Salio la wakala linakatwa mara mbili, mteja anapokea mara moja. Nikaandika, nikaambatisha picha za skrini, nikaipa daraja la juu kabisa. Kikaoni nikaambiwa hutokea nadra, itarekebishwa katika toleo lijalo. Kisha ikaletwa karatasi ya kukubali mfumo, nami nikatia saini.

Wiki ya tatu baada ya uzinduzi, dada mmoja mwenye kibanda karibu na stendi alikutwa na upungufu wa shilingi 380,000. Mtaji wake wote haukufika milioni moja. Nilikuwapo ofisini alipokuja kujieleza. "Iliganda, nikabonyeza tena," alisema, na hayo ndiyo niliyokuwa nimeyaandika kwenye ripoti yangu, karibu neno kwa neno. Akajibiwa kwamba mfumo haukosei. Akalipa. Saini yangu ilikuwa ndani ya faili, na ndiyo inayonifanya niandike barua hii.

Malalamiko yangu, na ninachoomba, ni haya.

1. Mnaanza na tarehe ya sherehe, kisha mnarudi nyuma kugawa siku. Kwa kuwa kupima huja mwishoni, kila mwenye kuchelewa mbele yetu hula siku zetu. Mchambuzi akichelewa wiki mbili, mjenzi akichelewa mwezi, deni lote linalipwa na majaribio. Hapo hatupimi tena. Tunapitapita juu juu tukiomba Mungu.

Tazameni yaliyoikuta benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 ilihamisha wateja wake zaidi ya milioni tano kwenda mfumo mpya katika mwisho wa wiki mmoja. Watu takriban milioni 1.9 wakajikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao. Uchunguzi ulipofanyika, moja ya mambo yaliyobainika ni kwamba benki ilikuwa na vituo viwili vya data vya kubeba mzigo, lakini jaribio la kubeba mzigo huo lilifanyika kwenye kimoja tu. Walidhani cha pili kinafanana na cha kwanza. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Mwaka uliofuata mkuu wake wa zamani wa TEHAMA, Carlos Abarca, akatozwa yeye binafsi pauni 81,620 kwa kutochukua hatua za kutosha kuhakikisha kwamba mtoa huduma alikuwa tayari kweli. Huku kwetu anayeitwa kujieleza mfumo unapoanguka huwa kijana wa zamu ya usiku.

Ninaomba tarehe ya uzinduzi itangazwe baada ya majaribio kukamilika. Kama ni lazima itangazwe mapema, basi ujenzi ukichelewa wiki mbili, utepe nao usubiri wiki mbili. Na mkataba useme hivyo: sehemu ya malipo ya mzabuni ibaki mpaka mfumo uwe umekaa mikononi mwa watumiaji miezi mitatu.

2. Mnapima mahali ambapo hakuna mtu atakayeutumia mfumo. Ofisi yetu ina intaneti ya nyaya, kiyoyozi, jenereta na simu mpya. Mtumiaji yuko kwenye kijiji chenye mtandao wa pandisha-shusha, simu yake skrini ina ufa, jua linampiga usoni, foleni ina watu tisa na wa mbele anamfokea. Au ana kitochi, na menyu ya nyota na reli inakatika kabla hajamaliza kusoma mstari wa nne. Kazi ya kupima ni kwenda huko aliko.

Mwaka 1986, katika kituo cha saratani mjini Tyler, Texas, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya Kanada ya AECL, iliwapiga wagonjwa wawili mionzi iliyozidi mno kipimo, mmoja Machi na mwingine Aprili. Wote wawili walikufa. Wahandisi wa kampuni waliijaribu mashine na hawakuona tatizo. Aliyeling'ang'ania jambo hilo ni mwanafizikia wa kituo, Fritz Hager, pamoja na mwendeshaji wa mashine yenyewe. Waliketi wakirudia hatua zile zile mpaka wakaipata siri: kasi ya vidole. Mwendeshaji alikuwa ameizoea kazi. Alikosea herufi moja, akarudi juu, akasahihisha na kuendelea, yote ndani ya sekunde zisizofika nane. Skrini ilionyesha kwamba sahihisho limepokelewa, kumbe ndani mashine ilikuwa bado inajipanga kwa agizo la kwanza. Waliopima kiwandani waliandika polepole, kama anayejifunza. Hitilafu ilimsubiri mzoefu. Kati ya 1985 na 1987 ajali za mashine hiyo zinazojulikana zilifika sita, Marekani na Kanada.

Huwa ninaikumbuka habari hiyo kila ninapomtazama karani wa dirishani mwenye miaka kumi kazini akibonyeza vitufe bila kuangalia. Huyo ndiye ninayemhitaji kwenye majaribio, naye ndiye asiyepata kuitwa.

Kuna na yale yaliyo yetu wenyewe, ambayo programu iliyonunuliwa ng'ambo haiwezi kuyajua isipopimwa hapa. Nimeona mfumo ukilikataa jina la mtu kwa sababu lina ng', kama yalivyo majina mengi ya Wasukuma. Ritifaa ile ilikatisha amri iliyokuwa ikienda kwenye hifadhidata. Karani akaiondoa ili kazi iende, na tangu siku hiyo jina la mtu yule halilingani na kitambulisho chake. Jambo la kutisha ni kwamba mlango huo huo uliomzuia mwenye jina halali ndio wezi wa data wanaoupenda zaidi. Kuna wazee wasioijua tarehe yao ya kuzaliwa, ambao wote huandikwa tarehe mosi Januari, kisha mfumo unawaona kama mtu mmoja anayejirudia. Kuna saa zetu. Ujumbe unaomwambia mgonjwa "fika saa 3:00" lazima useme ni saa tatu ipi, maana mmoja atafika saa tatu asubuhi na mwingine, aliyeisoma kama saa ya simu, atakuja saa tisa alasiri na kukuta daktari ameondoka. Mambo haya hayamo kwenye mwongozo wowote wa mzabuni. Yamo vichwani mwa watu wetu, na kuyajua ni suala la kuwauliza tu.

Ninaomba kila mfumo wa umma upimwe walau wiki mbili nje ya makao makuu, kwenye simu zilizopo mitaani, na watu ambao kazi yao ya kila siku itauhitaji.

3. Jaribio la kukubali mfumo mmeligeuza semina. Watu ishirini hupelekwa hotelini siku tatu, wengi wao wakuu wa vitengo ambao hawajaingiza risiti moja kwa mkono wao kwa miaka mingi. Mzabuni huonyesha ukutani kwa projekta akibonyeza mwenyewe, kwa njia aliyoizoea, na data aliyoiandaa. Siku ya tatu karatasi hupitishwa, posho hutolewa, mfumo umekubaliwa. Sisemi posho ni haramu. Ninasema aketi karani, ashike kipanya yeye, apewe kazi za siku ya mwisho wa mwezi, na mzabuni akae pembeni kimya. Pale karani atakapokwama ndipo ilipo kazi iliyobaki.

4. Toleo jipya mnalimwaga kwa watu wote mara moja. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, inayouza ulinzi wa kompyuta, ilituma faili dogo la kusasisha kinga yake. Ufafanuzi wa faili ulitaja vipengele 21 vya taarifa, lakini programu yenyewe ilileta 20. Ilipokwenda kukitafuta cha 21 ikasoma mahali pasipo pake, na kompyuta ikaanguka. Chombo chao cha kukagua mafaili kililipitisha, kwa kuwa nacho kilikuwa na kasoro. Faili lilifutwa baada ya dakika 78, ila kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuzimika, na nyingi zilihitaji mtu aende kuziamsha moja moja kwa mkono. Ndege zilibaki ardhini, hospitali zikaahirisha matibabu. Lingetumwa kwanza kwa kompyuta chache na kungojewa kidogo, dunia isingelisikia.

Kama kampuni yenye fedha na wataalamu kiasi kile iliteleza hapo, sisi tunajiamini kwa lipi? Ninaomba toleo jipya lianzie kwa mawakala hamsini, kisha wilaya moja, kisha mkoa. Njia ya kurudi kwenye toleo la zamani ijaribiwe kabla haijahitajika. Na tafadhali, si Ijumaa jioni, wala si siku mishahara inapoingia.

5. Mnasema mfumo haukosei. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na nitalieleza kwa urefu.

Hakuna mpimaji mwaminifu aliyewahi kuandika kwamba mfumo hauna kasoro. Tunachoandika ni hiki: tulijaribu mambo haya, siku hizi, kwenye vifaa hivi, tukakuta haya. Kauli ya kwamba mfumo haukosei haikutoka kwetu. Imetungwa juu yetu, na anayeibeba ni mtu wa chini kabisa.

Uingereza wameilipia kauli hiyo kwa maisha ya watu. Kuanzia 1999 shirika la posta la nchi hiyo, Post Office, lilisambaza mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliojengwa na Fujitsu. Wasimamizi wa vituo vidogo vya posta walikuwa na mkataba unaofanana sana na wa mawakala wetu: upungufu ukionekana kwenye mfumo, wewe unalipa. Upungufu ukaanza kuonekana. Watu wakauza nyumba, wakakopa kwa ndugu, na zaidi ya 900 wakatiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu kwa ushahidi uliotokana na mfumo huo. Baadhi walifungwa. Wapo waliojiua. Wengi waliopiga simu kulalamika waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Fujitsu ilikuwa na orodha ya hitilafu zinazojulikana, lakini waliosimama kizimbani hawakuonyeshwa.

Moja ya hitilafu hizo ilijitokeza mwaka 2015 huko Dalmellington, Uskoti. Skrini iliganda wakati fedha zikipokelewa, mhusika akabonyeza tena na tena, na kila alipobonyeza mfumo ukaandika mapokezi mapya, mpaka hesabu ikapotoka kwa pauni 24,000. Nilipoisoma habari hiyo niliweka simu chini. Iliganda, nikabonyeza tena.

Kesi iliyofunguliwa dhidi ya shirika hilo na Alan Bates, mmoja wa wasimamizi hao, na wenzake, walalamikaji 555 kwa jumla, ilimfanya Jaji Fraser aamue mwaka 2019 kwamba hitilafu za Horizon zilikuwa za kweli na ziliweza kuzaa upungufu kwenye hesabu za vituo. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta zilizobaki kwa wingi. Miaka ishirini na mitano tangu mfumo usambazwe. Na sababu moja ya kuchelewa huko ni kwamba sheria ya Uingereza iliichukulia kompyuta kuwa inafanya kazi vizuri mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Mwenye kituo cha posta kijijini angeonyesha nini, na msimbo hajawahi kuuona?

Sheria yetu ya Tanzania, ile ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inautaja ushahidi kwamba mfumo wa kompyuta ulikuwa ukifanya kazi ipasavyo kuwa moja ya misingi ya kuikubali kumbukumbu ya kielektroniki kuwa halisi. Basi ushahidi huo utoke wapi kama si kwenye rekodi za majaribio? Mnapotupa siku nne badala ya wiki sita, mnaingia mahakamani mikono mitupu, au mnaingia na karatasi isiyosema kweli.

Jirani zetu wa Kenya walikutana na jambo la aina hii Machi 2013. Matokeo ya awali ya uchaguzi yaliyokuwa yakirushwa kwa njia ya elektroniki yalionyesha kura nyingi ajabu zilizokataliwa, na tume ikaeleza baadaye kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Kilichookoa hesabu ile ni kwamba nyuma ya skrini kulikuwa na fomu za karatasi zilizotiwa saini vituoni, zikahesabiwa upya kwa mkono. Wakala wa kibandani hana fomu ya namna hiyo. Ana ujumbe mfupi kwenye simu, na ujumbe huo umetoka kwenye mfumo ule ule unaomshitaki.

Ninaomba mambo matatu hapa. Asikatwe mtu fedha, wala kuitwa mwizi, kabla kumbukumbu za ndani za mfumo hazijapekuliwa na mtu asiyekuwa chini ya aliyeujenga. Orodha ya hitilafu zinazojulikana iwe wazi kwa kila anayedaiwa kwa hesabu za mfumo. Na mtu wa pili akileta lalamiko linalofanana na la kwanza, yaunganishwe mara moja, asiambiwe kwamba yuko peke yake.

Dada yule alirudishiwa fedha zake baada ya miezi mitano, toleo jipya lilipofunga tundu. Haikuja barua ya kumwomba radhi. Kibanda kilikuwa kimefungwa zamani, na sijui aliko.

6. Mpimaji hana sauti. Katika taasisi nyingi yuko chini ya mkuu wa mradi, yaani chini ya mtu atakayepimwa kwa kuwahi tarehe. Bajeti ikipungua ndiye wa kwanza kuondolewa, na nafasi yake hupewa kijana wa mafunzo kwa vitendo anayeogopa kusema. Najua mtaniambia kupima ni gharama, na ni kweli. Lakini gharama hiyo haiondoki mnapoifuta kwenye bajeti. Inahamia kwa watu ambao hamkuwauliza kama wanaweza kuilipa. Wapimaji wawajibike moja kwa moja kwa bodi au kwa mkaguzi wa ndani. Wakisema mfumo haujawa tayari, anayetaka kuuzindua hata hivyo aandike jina lake na sababu zake, na karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na ripoti yetu.

Mfumo ninaoupima sasa umepangiwa kuzinduliwa mwezi ujao. Nina hitilafu saba za daraja la juu ambazo hazijafungwa, na mbili kati yake zinagusa salio la mtu. Karatasi ikiletwa kabla hazijafungwa sitatia saini, na nitaandika sababu ya kila moja kwa lugha ambayo hata asiye wa TEHAMA ataielewa. Ninamwomba atakayeketi upande wa pili wa meza siku hiyo awe ameisoma barua hii.

Wasalaam,

Mpimaji wa programu,
Dar es Salaam